Ngosha Radi Afunua Uso

Jumamosi, 10 Juni 1995

Leo siku kubwa! Teodora, binti wa dada yangu Paskazia, kaingia karakana yangu hapa Igogo anahema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. "Shikamoo mjomba. Dar wamejibu." Marahaba, nikamwambia, kaa kwanza, usije ukanifia mbele ya wateja. Mteja alikuwa mmoja, na huyo alikuja kuazima bisibisi.

Habari yenyewe: mhariri wa Dar anataka Ngosha Radi, shujaa anayemchora Teodora kwenye gazeti la watoto, atoke kwenye gazeti la pili. La watu wazima! Juu litapigwa mhuri, SI YA WATOTO. La watoto litaendelea kama kawaida. Siku hizi kila kitu kimefunguliwa, redio za watu binafsi, vyama vya watu binafsi, sasa na shujaa wetu naye anafunguliwa.

Niandike hapa nisije nikasahau uzeeni – Ngosha Radi ni mimi. Mwanza nzima inamjua. Anaruka kutoka mawe ya Capri Point mpaka kisiwa cha Saanane bila kulowa nyayo. Anavaa ovaroli. Usoni ana ngao ya kuchomelea, ile ya bati yenye kioo cheusi, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuyaona macho yake. Sasa Teodora alimtoa wapi fundi wa kuchomelea anayeruka? Kwa mjomba wake! Alipokuwa mdogo nilimsimulia nilivyoziba tundu la meli chini ya maji, pumzi nimeibana, mamba kanishikia taa. (Mamba mwenye adabu. Siku hizi hawazaliwi tena.) Yeye akakua, akaenda kuchora. Kanipunguza kitambi tu, mengine yote ni mimi.

Hata macho mekundu ni wazo langu. Alipoanza alikuja hapa analia: mtambo wa Dar unapiga rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, nyekundu aifanyie nini? Nikamwambia, unalilia nini mpwa wangu? Wape wabaya macho mekundu! Jini, jambazi, mchawi, wote. Ngosha akimkazia mtu macho akaona wekundu – papo hapo! "Nimekuona machoni!" Halafu radi. Sasa hakuna mtoto asiyesema hivyo. Jana mmoja kamwambia mama wa maandazi.

Darasa la tano niliishia mimi. Lakini kichwa hiki!

Sabina mke wangu hajafurahi. Kasikiliza, kaondoka kwenda kuchambua mchele. Mchele ulikuwa umeshachambuliwa.

Jumatatu, 12 Juni 1995

Ubishi siku nzima.

Nimeanzia kwa Okech, Mjaluo wa Shirati, anatandika magazeti mjini Nyamagana karibu na soko. Yeye ndiye anayemuuza Ngosha Radi kuliko mtu yeyote kanda hii, kwa hiyo nikafikiri atacheza. Wapi! Kakunja uso.

"Shimba," anasema, "mtu mwenye bati usoni hawezi kuingia msibani. Shida za watu wazima hazipigwi radi. Ukipunguzwa kazi kiwandani, utampiga nani radi? Ukimwi utaupigia wapi?"

Nikamwambia mimi nimeingia msibani na ovaroli. Msalaba wa marehemu ulikuwa umevunjika, nikauchomelea pale pale makaburini, mchungaji ananishikia waya. Watu walilia kuliko walivyolia mwanzo.

"Walilia moshi," Okech kasema.

Watu wakacheka. Nimemwacha acheke. Mjaluo akikosa hoja anafanya mzaha, na mzaha wake una hoja ndani, ndiyo ubaya wake.

Nyumbani, Sabina. Huyu hafanyi mzaha. Kaniuliza kama nakumbuka kile kikombe cha bati cha Nathaniel, mtoto wetu, alipokuwa mdogo. Nakumbuka. "Ungekinywea gongo, ungemrudishia mtoto anywee uji?" Nikasema kingeoshwa. "Harufu je, Baba Nathaniel? Shujaa wa watoto ni kikombe cha uji. Mwacheni."

Hoja nzito. Nimeilalia, nimeigeuza, bado nzito.

Lakini na mimi nina yangu. Yule bwana miaka yote anapigana na majini na mamba wa vichwa viwili. Jini ni rahisi! Jini anakuja na pembe, unamjua toka mbali. Mwanamume hajapimwa mpaka akutane na jambo lisilo na pembe. Mimi nasema anafaa. Tena atawashangaza. Ngosha akiingia kwenye mambo ya wakubwa watu wataacha kusoma siasa.

Alhamisi, 15 Juni 1995

Teodora kaleta mfano aliotumiwa na mhariri – michoro ya mtu mwingine wa Dar – ili aone wakubwa wanataka nini. Nimeitazama. Panga. Damu. Mwanamke aliyesahau nguo. Nikaitazama tena kwa uhakika, kama fundi. Sabina akapita nyuma yangu, akasema, "Uhakika umetosha."

Nikamwambia Teodora, damu si mbaya, nyekundu unayo! Mwache Ngosha akate mtu mmoja wawili, anywe bia, ampe lifti mrembo angani.

Kanitazama kama mama yake anavyonitazama. "Mjomba, huo si ukubwa. Huo ni utoto wenye ndevu."

Hee! Nimeiandika hiyo ili niitumie mahali.

Yeye ana hadithi yake. Kuna kijiji. Ng'ombe wanakufa, mtoto anaumwa. Wanamwita Ngosha Radi aje amtoe mchawi. Anakuja. Na mwenye macho mekundu pale kijijini ni bibi kizee mmoja tu.

Jini liko wapi? nikauliza.

"Hakuna jini."

Jambazi je?

"Hakuna. Ni majirani tu."

Sasa atapigana na nani?  Kachukua penseli yake, kaondoka. Kasahau mchoro wa yule mwanamke. Sabina kautumia kuwashia jiko.

Jumapili, 18 Juni 1995

Teodora alikwenda kijijini Ijumaa kumwona mama yake, ng'ambo ya Magu. Karudi leo baada ya misa. Siku zote Teodora ni mtu wa salamu na maneno mazuri. Leo kaingia bila shikamoo.

Kasimulia hivi. Dada yangu alikuwa anatoka kisimani na ndoo. Vijana wadogo wanaochunga wakasimama njiani. Wakaweka viganja usoni, hivi, kama ngao. Wakapiga kelele wote: "Nimekuona machoni!"

Mimi nikacheka! Nasema ukweli, nilicheka kwa fahari. Kule hakuna basi, hakuna umeme, redio ya kijiji ni moja na betri zake zinaanikwa juani, lakini Ngosha kafika! Nikamwambia, mpwa wangu, wewe ni mkubwa kuliko ulivyodhani.

Hakucheka. Kasema, "Mjomba, hawakuwa wanacheza. Mkubwa wao aliokota jiwe."

Halafu kaenda kwenye kabati langu ninapotunza matoleo yote. Kayapanga benchi zima, moja baada ya jingine, juu ya vyuma.  Alikuwa anagusa tu kwa kidole. Jini la Bugando – macho mekundu. Jambazi wa Kirumba – mekundu. Mchawi wa Sengerema, Malkia wa Fisi, yule bibi wa fimbo – mekundu, mekundu, mekundu. Yakipangwa hivyo yanakutazama yote kwa pamoja.

Dada yangu Paskazia ana macho mekundu toka nimjue. Kule kwetu miti imekwisha, wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Mwanamke ameinamia moshi ule tangu usichana, macho yatakuwaje? Meupe kama maziwa? Kila bibi wa Usukuma ana macho hayo.

Mtambo ulikuwa na nyeusi na nyekundu tu. Basi.

Sabina kayakusanya magazeti, kayarudisha kabatini, kafunga. Hakunikumbusha lolote. Angenikumbusha ingekuwa nafuu.

Jumanne, 20 Juni 1995

Leo nimechomelea geti. Mshono mbaya, nimeurudia.

Jioni kijana kaleta pikipiki, kioo chake cha pembeni kimenielekea. Nikajiona. Ngao yangu ina ufa toka mwaka juzi, mwanga unapenya – macho mekundu, maji yanatoka. Kila jioni niko hivi. Sabina ananikanda macho kwa viazi vibichi.

Miaka yote hii naingia baa na macho haya. Naingia kanisani. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita kitu kingine zaidi ya fundi.

Jumamosi, 24 Juni 1995

Nitaandika mpaka kalamu ikaushe.

Kaimaliza! Kaja na karatasi zake ndani ya bahasha kubwa, nimenawa mikono mara mbili kabla ya kugusa, na mimi siyo mtu wa kunawa.

Mwanzo ni Ngosha yule yule. Anatua kijijini, vumbi linaruka, kuku wanakimbia. Watu wanashangilia. Vijana wana mapanga na marungu lakini kawachora vizuri, si mashetani – mmoja ana shati la shule, mwingine anabeba mdogo wake mgongoni. Huo ndio uhodari! Ungewachora na meno marefu kila mtu angesema hao siyo sisi.

Wanamwonyesha nyumba. "Ndiyo hiyo, Ngosha. Tazama macho yake, utaona." Na yeye anaingia na lile neno lake tayari mdomoni. Kiputo cha maneno kimeanza kuchorwa juu ya kichwa chake – "Nimeku –" na kinaishia hapo. Kwa sababu ndani ni jikoni. Mafiga, chungu, moshi. Ukurasa mzima moshi! Sijui kautoaje moshi kwa wino mweusi, lakini mimi nilikohoa. Nathibitisha. Okech alikuwepo, ni shahidi.

Bibi hajamwogopa. Kampa kigoda. Anamwambia akae, ugali unakaribia. Na huyu mtu anayeruka mpaka Saanane anakaa kwenye kigoda, magoti yanafika masikioni. Anakohoa ndani ya bati lake. Kurasa zinapita hakuna anayepigwa! Bibi anachochea, anapuliza, analalamikia goti lake. Nje wanasubiri. Unawaona mlangoni, vivuli vyao vinaingia kidogo kidogo. Nimesoma mambo mengi – mabango, maandishi ya kwenye boti, Agano Jipya karibu lote – sijawahi kuogopa vivuli namna hiyo.

Halafu ukurasa wa mwisho. Hauna neno hata moja. Ngosha Radi kasimama mlangoni, mbele ya watu wote, na kaishika ngao yake kwa mikono miwili. Kaifunua.

Macho yake ni mekundu.

Ndiyo rangi pekee kwenye hadithi nzima! Kurasa zote nyeusi na nyeupe, kaiweka nyekundu akiba mpaka pale. Macho mawili. Na chini kidogo, nyuma ya kiwiko chake, ya bibi.

Kwanza nilikasirika. Shujaa hafunui uso! Hiyo ni sheria, mimi mwenyewe niliiweka. Nikataka kumwambia. Nikatazama tena. Nikashindwa. Ni kama hajawahi kuwa na uso mpaka leo. Mbona tulimficha miaka yote hiyo? Ana uso mzuri. Kafanana na mimi.

Okech kasoma amesimama. Kamaliza, karudi nyuma ukurasa mmoja, kamaliza tena. Mjaluo yule ambaye hata kwenye maziko ya shemeji yake alikuwa anauliza bei ya ng'ombe! Kavua kofia. "Haya. Huyu anaingia msibani," kasema. "Huyu nitamuuzia mtu mzima, na nitamwambia akae chini kwanza."

Nimeshinda! Nikamgeukia Sabina. Mama Nathaniel, umeona? Anafaa au hafai?

Sabina alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya khanga, anasingizia vitunguu. "Anafaa," kasema. "Lakini sasa mbona mnaiandika SI YA WATOTO? Hii ndiyo ya watoto. Zile nyingine zilizoko kabatini ndizo zilitakiwa kupigwa mhuri."

Okech kaitikia kwa kichwa. 

Nimeoa mwanamke mwenye akili. Nilimchagua mimi.

Jumatano, 28 Juni 1995

Teodora kampigia mhariri simu kutoka posta, mimi nimesimama mlangoni mwa kile kibanda nasikia nusu, nusu nyingine kanisimulia yeye. Kurasa zilitangulia kwa ndege Jumatatu. Bwana yule kazisifu sana. Sana! Halafu kaanza. Hadithi ya wakubwa bila paja wala tone la damu, mnunuzi atajiona kaibiwa. Aongeze panga moja. Na lile la watoto lisiguswe, macho mekundu ndiyo alama ya Ngosha, watoto wameshaizoea.

Teodora kamjibu kwa upole, "Kaka, nafahamu wameizoea. Nimewasikia." Halafu kamwambia hatachora tena jicho jekundu kwa ajili ya mtu mbaya, kwenye la watoto wala la wakubwa, na akitaka atafute mchoraji mwingine.

Nikajifanya nasoma bei za stempu.

Simu ikaanza kulia ile ya kukatika. Yule bwana kasema, basi, hiyo ya moshi ataitoa ilivyo, ila ni mwezi wa nane. Huyu binti kamshinda mtu wa Dar kwa simu! Hata mimi ningehitaji radi.

Lakini mwezi wa nane!

Maana tulipotoka posta tukamkuta Chenge, mnunuzi wa pamba, anatutafuta. Katoka kwetu jana. Josephat, jirani wa dada yangu, mtoto wake anaumwa, homa haishuki, na ng'ombe wake dume wa plau amekufa. Kaenda kwa mganga. Mganga hakutaja jina. Kasema tu, mtazameni machoni. Vijana wamekaa kikao. Jumatatu, baada ya kupeleka mifugo, wanamwendea dada yangu.

Chenge kashusha sauti: "Wanasema Ngosha mwenyewe angemjua."

Teodora hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Kashika tu ile bahasha – ana nakala ya kurasa zake, kazipiga fotokopi mjini, nyeusi tupu, yale macho ya mwisho kayatia kwa kalamu nyekundu yeye mwenyewe.

Nikamwambia atulie. Nani alimnyang'anya chui mbuzi kule Ngudu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana chai? Nitakwenda mimi. Ngosha Radi ni nani?

Nyumbani Sabina akasema, "Utakwenda. Ila ukifika, Baba Nathaniel, yule chui usimtaje."

Jumapili, 2 Julai 1995

Tumetoka na lori la pamba. Teodora kashuka Magu kutafuta askari wa kuja nao kesho. Mimi nimetembea kipande kilichobaki. Begi langu: shati, mkate, bahasha ya kurasa, ngao yangu ya kuchomelea. Ngao kaiweka Teodora, sikumwuliza.

Dada kanipokea mlangoni. Kakonda. Fimbo mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kunilinda au umekuja kula?"

Nikasema vyote.

"Basi anza na hicho unachokiweza." Kanitengea michembe, viazi vyetu vya kukausha, na karanga.

Nimemwambia twende mjini, chumba kipo, Sabina kasafisha. Hataki! Pamba iko shambani nusu haijachumwa, ng'ombe wake wanne nani atawakamua, na marehemu mume wake kalala pale chini ya mti wa mkongo, amwache na nani? Zaidi ya hapo: "Nikikimbia watasema, mmeona? Kakimbia. Na Dorotea na Bernadeta hawana kaka mwenye chumba mjini. Wakinikosa mimi wataenda kwao." Hao ni wajane wenzake wa upande wa pili. Wana macho hayo hayo.

Mwenyekiti wa kijiji kasema atafika kesho. Josephat nimemwona kwa mbali, kaniamkia. Kaniamkia vizuri! Tumekua wote, tulikuwa tunaoga mtoni pamoja. Nikamwuliza mtoto anaendeleaje. Kasema bado. Macho kaangalia chini.

Nilimwambia ampeleke hospitali, nauli nitatafuta. Kanitazama kidogo. Kasema ataona.

Dada kanisikia nikiongea peke yangu uani. "Unajifunza hotuba?" Nikasema najikumbusha mambo niliyowahi kufanya. Kasema hayo hayatachukua muda.

Jumatatu, 3 Julai 1995

Asubuhi. Mwenyekiti hajaja. Teodora na askari bado. Ng'ombe wa kijiji wote wamepita kwenda malishoni, kengele zao nimezisikia mpaka zilipoisha.

Niko jikoni kwa dada, kigodani. Magoti yamefika masikioni. Anapika ugali kwa sababu, anasema, wageni wanakuja na mgeni hashindishwi njaa hata akija na rungu. Nimemsaidia kuchochea. Mavi ya ng'ombe yanawaka polepole, moshi hauna pa kutokea, kidirisha ni kidogo kama kitabu hiki. Nimekohoa hadi dada kanihurumia. "Na wewe unajiita fundi wa moto!"

Nikamwonyesha kurasa. Hajui kusoma, lakini hii haitaki kusoma. Kapitisha kidole juu ya moshi. Kacheka alipoona bibi analalamikia goti – "Goti langu hilo! Mtoto mwizi huyu." Kafika mwisho. Kakaa muda mrefu na ule wa mwisho, pale Ngosha kafunua. Kauliza, huyu ni nani? Nikasema, ni Ngosha Radi. Kauliza tena, ni nani?

Mambo yangu ya siku zote yalikuja mpaka kwenye ulimi, mamba, meli, yote. Yakarudi. Nikasema, anasemekana ni mimi.

Kanitazama usoni. "Hapa ndiyo," kasema, na kaweka kidole kwenye macho.

Sasa nawasikia. Si nyimbo za msiba wala za harusi. Watoto wako mbele, hao ndio ninaowasikia zaidi. Nawaona kupitia mlangoni – viganja usoni, wanaruka ruka, kwao ni mchezo bado. Nyuma yao wakubwa hawaruki. Mmoja ana shati la shule. Mmoja ana mdogo wake mgongoni. Jamani, Teodora aliwaonaje?

Josephat yupo. Anakuja mwisho kabisa.

Nimekunja zile kurasa, ziko ndani ya shati. Nimejitazama kwenye kioo cha dada, kile cha ukutani kilichomeguka. Sijawahi kuwa na macho mekundu namna hii, hata baada ya kuchomelea lile geti. Yake na yangu huwezi kutofautisha.

Ngao ninayo mapajani. Wakiiona watanyamaza, watoto lazima watanyamaza, watadhani ni mwenyewe. Nitatembea nayo usoni mpaka katikati ya uwanja. Tatizo la kioo hiki ni moja, hakionyeshi kitu mpaka kuwe na moto mbele yako. Nitakwenda kama kipofu. Dada kasema atanishika mkono mpaka kizingiti, halafu hapana, kasema atakuja nami mpaka mwisho, ni uwanja wake.

Halafu nitaifunua.

Sina chui wa kuwasimulia. Dada anasonga ugali, anasema tusichelewe, unapoa. Wamefika kwenye mkongo. "Nimekuona machoni!" – wote pamoja sasa, na wakubwa.

Naweka kalamu. Bado hawajaniona.